Mche Ukitoka Kitaluni

Mkulima wa kahawa wa Kibosho, Machame au Marangu hahitaji kitabu ili ajue kwamba kitaluni si mahali pa hatari. Humo mche una kivuli, una maji, na una mtu wa kuutazama asubuhi na jioni. Hatari huanza siku unapohamishiwa shambani. Ndiyo maana mwenye busara hukipunguza kivuli cha kitalu kidogo kidogo, majuma kadhaa kabla ya kupanda, na hata huko kihambani huuweka mche karibu na migomba mpaka mizizi ishike. Nalitaja jambo hili kwa sababu naona historia ya sayansi kwenye miteremko yetu inafanana nalo sana.

Tumezoea, ndugu msomaji, kuwahesabu wasomi wetu siku ya mahafali. Kijana akirudi na shahada ya uzamivu, mbuzi huchinjwa na mbege hupikwa. Swali tusilouliza ni hili: mwaka wa nne baada ya sherehe yuko wapi, na anafanya nini? Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Katika elimu ya uhai ya siku hizi, ile inayochunguza vinasaba na protini ndani ya seli, mtu hafanyi kazi peke yake. Lazima awe na kikundi: mafundi wa maabara wawili watatu, wanafunzi, na mtu wa takwimu. Yeye ndiye mkuu wao. Ni juu yake kuomba fedha, kuajiri, kulipa mishahara, kufuatilia vibali vya COSTECH na NIMR, kuagiza vitendanishi vinavyosafiri vikiwa vimegandishwa, na kuomba umeme usikatike kabla havijafika kwenye jokofu. Alipokuwa mwanafunzi alifundishwa kufanya jaribio. Kuiendesha nyumba hakufundishwa.

Tuanze na kahawa yenyewe, maana ndiyo iliyotangulia. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, wilayani Hai, kilianzishwa mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa chama cha ushirika cha KNCU. Hapo ziliteuliwa aina za arabika kama N39 na KP423, ambazo wazee wetu walizipanda na kusomeshea watoto. Zilikuwa na ladha nzuri, lakini hazikuweza kuhimili kutu ya majani wala chulebuni, ugonjwa wa kuozesha matunda uliotambuliwa Kenya mwaka 1922 na kuingia kwetu katika miaka ya 1960. Ilibidi kutafuta ukinzani katika jamaa wengine wa mbuni, mmojawapo chotara wa asili aliyepatikana kisiwani Timor.

Kazi ya namna hiyo haina haraka. Mbuni huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, na kila kizazi cha uchavushaji kinadai kusubiriwa, kuonjwa na kupimwa. Mtafiti aliyechavusha ua mara nyingi siye aliyekuja kuiona mbegu ikigawiwa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ilianza kazi hapo Lyamungu mwaka 2001, na mwaka 2005 aina chotara za kwanza za arabika zenye ukinzani dhidi ya magonjwa yote mawili zikaidhinishwa. Vijana waliokabidhiwa kazi hiyo hawakuanza na ardhi tupu. Walikuta miti iliyopandwa na wengine, madaftari ya wengine, na wazee wa kazi walioujua kila mstari wa shamba. Tena sehemu ya gharama ilitoka kwenye makato ya mauzo ya kahawa, yaani kwenye jasho la mkulima mwenyewe. Mfadhili wa nje alisaidia, lakini shamba halikuwa lake.

Wakati Lyamungu inahangaika na chulebuni, mwanasayansi mmoja Mkenya alikuwa akilifikiria suala la malezi kwa upana zaidi. Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu aliyesomea Cambridge, alianzisha kituo cha ICIPE jijini Nairobi mwaka 1970. Alitambua kwamba Afrika haikukosa vijana wenye akili, bali ilikosa mahali ambapo kijana angeweza kufanya utafiti wa hali ya juu bila kulazimika kuhama. Katika miaka ya mwanzo mabingwa wa vyuo vya nje walikuja kwa vipindi kuongoza utafiti, huku vijana wakibaki Nairobi na kuendelea na kazi bingwa akishaondoka. Mwaka 1983 kituo hicho kilianza mpango wa ARPPIS, ambao wanafunzi wake walifanya utafiti ICIPE na kupewa shahada na vyuo vikuu vya Afrika. Kivuli kilikuwapo, lakini kilipunguzwa.

Hapa Moshi, hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo chake cha udaktari kilianza mwaka 1997. Utafiti wa malaria ukakua pamoja nacho, kwa ushirikiano na London na Copenhagen. Haukuwa utafiti wa kujifurahisha. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini na kutumia SP, kisha mwaka 2006 ikaamua kuhamia dawa mseto, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea SP nayo. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika Korogwe na Same, lililoonyesha kwamba kuwapa watoto wachanga SP kwa vipindi hakukuwakinga tena na malaria katika maeneo hayo. Sababu ilikuwa imeandikwa katika vinasaba vya vimelea, na ilihitaji maabara ya kuisoma. Asiyeweza kuisoma mwenyewe hana budi kungoja asomewe, na huku mtoto anaungua homa.

Katika sayansi hizi, makala huandikwa kwa utaratibu maalumu: jina la kwanza ni la aliyefanya kazi kwa mikono, na jina la mwisho ni la mkuu wa kikundi. Kwa miaka mingi makala nyingi zilizotokana na damu ya vidole vya watoto wa Kiafrika zilimalizika kwa majina ya Ulaya au Marekani. Silalamiki, maana wengi wa watu hao walifanya kazi kwa moyo. Nasema tu kwamba jina la mwisho ndilo linaloamua swali lipi litaulizwa mwaka ujao.

Wapo waliojaribu kulirekebisha hilo. Kati ya mwaka 2008 na 2015, umoja ulioitwa MCDC uliviunganisha vyuo vitano vya Afrika, kimojawapo hiki cha Moshi, na vyuo vya Ulaya. Mbali na kugharimia shahada, ulimwekea kijana jopo la walezi wa kazi yake, na ukatoa ruzuku za kumsaidia aliyehitimu kuanza upya nyumbani. Mwaka 2009 ukafuata mpango wa THRiVE, ulioongozwa na Makerere, na Moshi ikiwa mshiriki. Huo nao ulitazama mbele ya mahafali. Kwa mara hii walezi walikuwa ng'ambo ya Ziwa Viktoria tu, wanaojua adha ya kukomboa kifurushi bandarini.

Msomaji asidhani kwamba tatizo hili ni la maskini peke yao. Shirika la EMBO, lililoundwa Ulaya mwaka 1964 kwa ajili ya biolojia ya molekuli, lilianzisha mwaka 2000 mpango wa kuwasaidia wakuu wapya wa maabara. Fedha inayotolewa si nyingi. Kinachothaminiwa zaidi ni kukutana na wenzao, kupata mlezi mwenye uzoefu, na kufundishwa namna ya kuongoza watu. Ikiwa Heidelberg, penye umeme wa uhakika, wameona kijana hawezi kuachwa peke yake, sisi tunaringia nini?

Siku hizi jambo hili limekuwa la dharura. Taasisi ya utafiti ya KCRI, iliyo pale pale KCMC, ilikuwa miongoni mwa vituo vya Afrika vya kusoma vinasaba vya bakteria katika mpango wa SEQAFRICA, pamoja na vituo vya Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. Kwa hiyo mashine ilikuja Moshi, na vijana wakajifunza kuisoma hapa hapa mjini bakteria ambayo zamani ingepelekwa Ulaya. Lakini mpango huo uligharimiwa na Fleming Fund ya Uingereza, na mwaka 2025 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kuufunga mfuko huo. Mwaka huo huo Marekani nayo ilikata misaada mingi ya afya na utafiti. Mkuu mpya wa kikundi, aliyekwisha kuajiri watu kwa fedha ya mradi, hujikuta akiwaaga mmoja mmoja. Fundi aliyefundishwa miaka mitatu huondoka kwa mwezi mmoja, na ujuzi wake huondoka naye.

Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 uliziagiza nchi za Afrika zielekee kutenga asilimia 1 ya pato lao kwa sayansi, na Umoja wa Afrika ukalirudia agizo hilo mwaka 2007. Tanzania bado haijafika. Hata hivyo yapo mambo ambayo chuo kinaweza kuyafanya bila kungoja bajeti ya taifa. Kinaweza kumpunguzia mkuu mpya vipindi vya kufundisha na zamu za wodini kwa miaka mitatu ya kwanza. Kinaweza kuweka akiba ndogo ya kulipa mishahara ya mafundi kati ya mradi mmoja na mwingine, ili watu wasitawanyike. Kinaweza kumteulia mlezi mkongwe ambaye hatadai jina lake liwekwe mwisho wa makala. Kulea kunachosha, na anayelea hapigiwi vigelegele. Lakini pale Lyamungu wapo waliochavusha maua bila kuyaona matunda yake, na leo tunakunywa kahawa hiyo bila kuwajua majina.