Kwa Nini Chang'aa Haijawahi Kuzeeka

Juzi nilikuwa nasoma kuhusu wiski ya nafaka ya Scotland, iliyotoka kiwanda kimoja na kukaa kwa pipa miaka 40. Bei yake siwezi kutaja mbele ya mamangu. Lakini bei siyo ilinishika. Wanatumia ngano ama mahindi, na kimea kidogo cha shayiri. Mahindi, wasee! Ikitoka kwa mtambo ni kali, haina rangi, ladha kidogo tu. Vanila, tofi, ile harufu ya nazi, hizo zinaletwa na mbao za mwaloni na miaka. Sheria yao inataka angalau miaka 3 kwa pipa. Kila mwaka karibu asilimia 2 inapotea hewani na mwenye pipa ametulia tu.

Sasa kuja Mathare. Kangara ya mahindi na mtama, drum, moto, maji ya kupoza mvuke. Shosho yangu alipika hiyo kitu akasomesha watoto wanne. Nilimuuliza kama aliwahi kuweka yoyote ikae. Alicheka sana.

"Ikae wapi, na karao wako mlangoni?"

Iliyopikwa usiku ilifaa iishe kabla ya jioni.

Na hii haikuanza jana. Mkoloni alimkataza Mwafrika spiriti, lakini miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ilikuwa inauza pombe yake yenyewe Pumwani na kuweka faida. Kwa hivyo swali lilikuwa nani anauza. Uhuru ukaja, na 1980 Bunge likapitisha sheria maalum ya kupiga chang'aa marufuku. Ukipika kwa kujificha unaharakisha, na wengine wakaanza kuongeza kemikali. Novemba 2000, methanoli iliua zaidi ya watu 100 hapa Nairobi. (Na usidanganyike, pipa haliondoi methanoli.)

Hata Scotland walikuwa wakipika milimani wakikimbia maafisa wa ushuru, hadi sheria ya 1823 ikapunguza ushuru na kuweka leseni ya pauni 10. Wengi wakatoka mafichoni.

Yetu ilikuja 2010. Chang'aa ikawa halali, bora uwe na leseni na uuze kwa chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Shosho alikuwa na drum moja na sufuria. Chupa angetoa wapi? Aliacha, akaanza kuuza sukuma wiki. Ile sufuria bado tunapikia githeri.