Haba, Hela na Chembe: Safari ya Maneno ya Uchache

Mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kigali hujifunza neno kidogo katika majuma ya kwanza, na mara nyingi huridhika nalo maisha yake yote. Maji kidogo, muda kidogo, fedha kidogo, chumvi kidogo: neno moja latumika kwa vyote, na msikilizaji huelewa. Hapana kosa la sarufi hapo. Lakini sisi tufundishao lugha hii twajua kwamba Waswahili hawakuipima dunia yao kwa neno moja. Walikuwa na chembe na punje, tone na funda, tonge na mmego, ukufi na konzi, haba na kibaba, pesa na thumni. Kila neno lilizaliwa mahali pake, kwa haja yake, na mengi yamesafiri mbali kuliko tudhaniavyo. Katika makala haya twataka kuifuata safari hiyo, kwa kuwa yatufunulia jambo moja: majina ya vitu vidogo kabisa hayakubali kubaki madogo. Mengine hukua yakameza kitu kizima. Mengine hupungua hata yakawa ukanushi mtupu. Na mengine hutumiwa kufunika makubwa yasiyopendeza kutajwa.

Tuanze na mwili wa mtu, maana ndio mizani ya kwanza. Kinachojaa kiganja kilichofunuliwa ni ukufi; kinachoshikwa na mkono uliofumbwa ni konzi; maji yanayojaza kinywa ni funda; chakula kinachofinyangwa kwa vidole ni tonge. Upana wa kidole ni wanda, na kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kingine, mkono ukiwa umetanuliwa, ni shubiri. Vipimo hivi havikuhitaji duka wala serikali. Upungufu wao ni kwamba mikono ya watu hailingani, na kwa ajili hiyo soko lilihitaji chombo.

Chombo hicho kwa nafaka kilikuwa kibaba, chenye ujazo wa karibu ratili moja na nusu. Vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, na vibaba vinne vilifanya pishi. Hata hapo ugomvi haukwisha, kwa sababu kibaba chaweza kupimwa kwa namna mbili. Kuna kibaba cha mfuto, ambacho nafaka yake imesawazishwa na ukingo wa chombo, na kuna kibaba cha tele, ambacho kimejazwa hata kikafanya kilima. Tofauti ya hivyo viwili ni konzi moja au zaidi. Kwa tajiri ni kitu cha kupuuza. Kwa mama anayepika jioni ni chakula cha mtoto mmoja. Ndiyo maana lugha ilitunza maneno hayo mawili. Twaona basi kwamba msamiati wa uchache haukutungwa na watu wenye vingi. Ulitungwa na wale ambao kwao kila konzi ilikuwa na hesabu yake.

Sasa tuitazame upya methali ambayo kila mwalimu huiandika ubaoni: haba na haba hujaza kibaba. Wanafunzi huelezwa kwamba haba maana yake ni kidogo, na ni kweli. Lakini neno lenyewe lina asili katika Kiarabu, na huko habba ni punje, mbegu moja ya nafaka. Kwa maana hiyo methali haisemi jambo la jumla juu ya uchache na wingi. Inasema kwamba punje na punje hujaza kibaba, na aliyeitunga alikuwa akikitazama chombo mbele yake. Vivyo hivyo tusemapo si haba kwa kusifu kazi ya mtu, twasema kwa asili kwamba kazi hiyo si punje moja. Mwanafunzi aliyeelezwa hivyo hatahitaji kukariri methali, ataiona.

Kutoka katika nafaka twende katika sarafu, maana huko ndiko maneno madogo yalikokua kupita kiasi. Katika biashara ya Unguja ya karne ya 19, fedha kubwa ilikuwa riale ya Maria Theresa, na pamoja nayo rupia ya Uhindi. Sarafu ya chini kabisa ilikuwa pesa, kipande cha shaba ambacho jina lake lilikuja na biashara ya Wahindi. Mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, Seyyid Barghash alitengenezewa pesa zake mwenyewe. Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki nayo ilianza kutoa pesa zake za shaba. Rupia moja ilikuwa na pesa 64.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilibadili hesabu hiyo. Rupia ikagawanywa kwa 100, na kila sehemu ikaitwa heller, jina la sarafu ndogo ya kale ya nchi za Kijerumani. Kwa hiyo heller ilikuwa ndogo hata kuliko pesa, kwa kuwa pesa moja ilikuwa sawa na heller moja na nusu na kitu juu yake. Zaidi ya hayo, kwa miaka michache ya mwanzo, ilitolewa hata nusu ya heller. Waswahili waliilainisha heller ikawa hela. Leo sarafu zile zimo katika makabati ya makumbusho, lakini hebu tusikilize watu wasemavyo: mtu mwenye majumba na malori huitwa mwenye hela, au mwenye pesa. Majina ya vipande viwili vilivyokuwa vya mwisho kwa thamani yamekuwa majina ya mali yote.

Hapa Kigali jambo hili latugusa kwa karibu. Mji huu ulianzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani, na Kiswahili kiliingia pamoja na askari, makarani na wafanyabiashara waliotoka pwani. Rupia na heller zilikuwa fedha za serikali hiyo, katika Rwanda na katika Burundi pia. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani, na baadaye faranga ya Kongo ya Kibelgiji ikachukua mahali pa rupia. Majirani hawa wawili walipita katika historia moja, lakini ndimi zao ziliokota sarafu tofauti njiani. Mrundi huziita fedha amahera, na ndani ya neno hilo yumo heller wa Mjerumani. Mnyarwanda huziita amafaranga, kutokana na faranga ya Mbelgiji. Mmoja alihifadhi kipande kidogo cha mtawala wa kwanza, mwingine akahifadhi kizima cha mtawala wa pili. Mwalimu akiliweka jambo hili mbele ya darasa, neno hela halitakuwa tena neno geni la pwani. Litakuwa ndugu wa neno wanalolisikia kila wanapokutana na jirani kutoka Bujumbura.

Thumni nayo ina kisa chake. Kwa Kiarabu ni sehemu ya nane, na hapo kale ilikuwa sehemu ya nane ya riale. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ilipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kugawanywa kwa senti 100, watu waliipa sarafu ya senti 50 jina hilo la thumni, au sumuni. Kwa hesabu ya shilingi senti 50 ni nusu, wala si sehemu ya nane. Lakini watu hawakuhesabu kwa shilingi. Masikio yao yalikuwa bado na riale. Waingereza wana mfano wao: farthing, yaani robo ya peni, iliacha kuwa fedha halali mwishoni mwa mwaka 1960, na hata hivyo imebaki katika usemi wao kwa kutaja kitu kisicho na thamani. Sarafu hufa, jina likaendelea kununua maana.

Hadi hapa tumeona maneno yaliyokua. Kuna mengine yaliyopungua hata yakatoweka ndani ya ukanushi. Wasomaji wetu wanaojua Kifaransa, nao si wachache hapa Rwanda, hukanusha kila siku kwa neno pas bila kukumbuka kwamba maana yake ni hatua. Mfaransa wa kale alisema kwamba haendi hata hatua. Aliweza pia kukanusha kwa mie, yaani chembe ya mkate, au kwa goutte, yaani tone. Baada ya karne nyingi hatua ilishinda, ikasahau miguu, na leo hukanusha hata kula na kulala. Kiingereza nacho kilipata neno bit katika kitendo cha kuuma, kwa maana ya kile kilichokatwa na meno, na neno jot katika iota, herufi nyembamba kuliko zote za Kigiriki. Kiswahili kimo njiani humo humo, ila hakijasahau. Twasema hana hata chembe ya huruma, hakuna hata tone la maji, sina hata senti. Kila neno lingali limeshika kitu chake: tone ni la vitu vya majimaji, punje ni ya nafaka, senti ni ya mfukoni. Chembe ndiyo iliyopewa ruhusa ya kuingia moyoni, ikapima huruma, shaka na haya. Na wataalamu wa elimu ya viumbe nao wakaiazima wakasema chembe hai na chembechembe za damu. Mwanafunzi asemaye tone la sukari au punje ya huruma ataeleweka, lakini atakuwa amelitoa neno nyumbani kwake.

Linabaki neno kidogo lenyewe, na hapa mwalimu wa Kigali ana kazi ambayo mwenzake wa Tanga hana. Katika Kiswahili sanifu kiambishi ki- hudogosha: mtoto huwa kitoto, mlima huwa kilima. Katika Kinyarwanda kazi hiyo hufanywa na aka-, na kiambishi iki- mara nyingi hukuza na kudharau: akagabo ni mwanamume mdogo, lakini ikigabo ni pande la mtu. Si ajabu basi mwanafunzi akisikia kijitu akamwazia jitu. Kiswahili cha Kongo ya mashariki, kilichoishi miongoni mwa lugha zenye ka-, husema katoto na kadogo. Neno hilo la mwisho, lenye sauti ya upole, ndilo waliloitwa watoto waliobebeshwa bunduki katika jeshi la Laurent-Désiré Kabila mwaka 1996 na 1997. Nako Kenya, rushwa imepewa jina la kitu kidogo, ingawa kwa anayetozwa huenda ikawa mshahara wa juma zima. Kidogo pia ni neno la adabu: naomba maji kidogo, nisubiri kidogo. Adabu hiyo hiyo ndiyo inayoazimwa na yule anayetaka jambo zito lipite bila kupimwa.

Kwa hiyo twashauri kwamba maneno ya uchache yasifundishwe kama orodha ya visawe. Yafundishwe pamoja na kitu kilichopimwa, aliyepima, na aliyepunjwa. Inafaa kukumbuka kwamba kupunja, yaani kumpa mtu pungufu ya haki yake, ni kitenzi ambacho darasa lolote la Kiswahili hulihitaji mapema. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lugha rasmi huandika mikataba, risiti na hukumu, na katika maandishi hayo neno kidogo halitoshi. Anayeuza, anayenunua na anayedai wote wanahitaji kujua ni kidogo kiasi gani, na kama kibaba ni cha mfuto au cha tele.