Hila ya Viwanja vya Majengo

Wasomaji wengi wamezoea kisa cha laghai wa viwanja. Huwa ni mtu mmoja mwenye mavazi nadhifu na ulimi mtamu. Huuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, humpa kila mmoja karatasi yenye mhuri, kisha huhama mji usiku. Kisa ninachotaka kukieleza hapa ni cha Majengo, katika Pumwani, upande wa mashariki wa Nairobi. Laghai wa kisa hiki hakuhama, wala hakuwa mtu mmoja. Lilikuwa Baraza la Manispaa, lenye ofisi, makarani, ramani, na sheria ya nchi nyuma yake. Tena halikuuza kiwanja hata kimoja. Liliwaita watu wajenge mji kwa fedha zao wenyewe juu ya ardhi ambayo halikukusudia kuwapa, likadhani kwamba hesabu imekwisha. Kumbe hesabu ndiyo kwanza ilikuwa ikianza.

Nairobi ilizaliwa mwaka 1899, ikiwa kambi ya wajenzi wa reli. Waafrika waliofuata kazi, wapagazi, askari waliomaliza utumishi, wachuuzi, na wanawake waliokimbia dhiki za mashambani, hawakungojea serikali iwatafutie mahali pa kulala. Walijijengea vijiji: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani na vinginevyo. Wakazi wengi wa vijiji hivyo walikuwa Waislamu, na Kiswahili kilikuwa lugha ya uani na ya sokoni. Wakubwa wa mji hawakuvipenda. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa mambo ya afya, alishauri kwamba mji ugawanywe kwa rangi za watu: Wazungu kwao, Wahindi kwao, na Waafrika kwao. Vita Kuu ya Kwanza ilichelewesha shauri hilo. Vita vilipokwisha, mahali palichaguliwa karibu na Mto Nairobi, mbali na vilima walivyokaa Wazungu, na kati ya 1921 na 1922 lokesheni mpya ikafunguliwa. Ikaitwa Pumwani. Jina hilo hufasiriwa kuwa ni mahali pa kupumua, na mtu aliyeona jinsi vyumba vyake vilivyokuja kujaa watu hawezi kulisikia bila kutabasamu.

Lakini nani angelipa gharama za mji huo? Swali hili ndilo lililoizaa hila. Kuwajengea wafanyakazi nyumba kungekula fedha nyingi, na walipaji kodi wa Kizungu hawakutaka kutoa fedha hizo. Baraza likapata njia. Lilikata viwanja kwa safu, likatengeneza njia, vyoo na mahali pa kuogea, kisha likatangaza kwamba mwenye uwezo na ajenge. Mjenzi atalipa ada ya kiwanja. Atajenga kwa fito, udongo na madebe yaliyopasuliwa. Nyumba itakuwa yake, lakini ardhi haitakuwa yake. Hati ya kumiliki hakupewa. Alipewa idhini ya kukaa kwa muda, na muda huo haukuwa na kipimo kingine isipokuwa hiari ya wakubwa.

Jambo hili halikuwa la Pumwani peke yake. Sheria ya Ardhi ya Serikali ya mwaka 1915 ilikuwa imekwisha kuiweka ardhi ya Waafrika mikononi mwa Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 Mahakama Kuu ikaamua, katika kesi iliyohusu Wakikuyu, kwamba Mwafrika juu ya ardhi yake ni mpangaji tu, aweza kuondolewa wakati wowote Mfalme apendapo. Ikiwa hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya mtu katika shamba la babu yake, mtu wa mjini angetazamia nini?

Hebu tuutazame uzuri wa mpango huu kwa macho ya waliouunda. Mwafrika angejenga, na Manispaa isingetoa shilingi kwa ajili ya kuta. Mwafrika angelipa kila mwaka kwa kuwa ameruhusiwa kujenga. Paa likivuja, hasara ni yake. Na siku Manispaa itakapoutaka uwanja huo kwa shughuli nyingine, itamwambia afungashe, kwa maana hakuwa na kitu ila idhini. Sidhani kwamba watu wa Baraza walikaa mezani wakacheka kama wezi. Yaelekea walijiona watu waangalifu wa fedha za umma. Hila nyingi za dunia zimetungwa na watu wa namna hiyo, wenye kulala usingizi mzuri.

Basi watu wakajenga. Nyumba ya Majengo ilifuata mtindo wa pwani: ukumbi katikati toka mlango wa mbele hadi uani, na vyumba pande mbili, mara nyingi sita kwa jumla. Mtindo huu, uliokuwa wa jamaa moja kubwa huko Lamu au Mombasa, ulikuwa na faida ambayo Baraza halikuipima vizuri. Mwenye nyumba angeweza kulala katika chumba kimoja na kupangisha vitano. Nairobi ilikuwa ikikua; kila treni ilileta vijana wenye vipande shingoni wanaotafuta kazi, na waajiri wengi hawakuwapa malazi. Vijana hao walibisha hodi Majengo. Hivyo mtu ambaye sheria ilimwita mpangaji asiye na haki alikuwa na wapangaji wake watano, na kila mwisho wa mwezi alikaa barazani akipokea kodi. Yule aliyewekwa mjini kwa muda ndiye aliyewakaribisha wageni wa mji.

Ni nani hasa waliokuwa na nyumba hizo? Hapa mpango ulipata pigo ambalo waliouunda hawakuliota. Katika fikira za serikali, Mwafrika wa mjini alikuwa mwanamume, tena mwanamume wa kupita: amekuja kufanya kazi, mkataba ukiisha atarudi kwa wazee wake. Wanawake hawakuwamo katika hesabu. Lakini uchunguzi wa wataalamu waliopita Pumwani baadaye, kama Janet Bujra na Luise White, umeonyesha kwamba karibu wawili katika kila wenye nyumba watano walikuwa wanawake. Walitoka Ukikuyu, Unandi, Ukamba, na baadaye hata Bukoba. Wengi walisilimu wakachukua majina mapya. Akiba yao ilitoka katika kuuza chakula, kupika pombe ya magendo, na kuwapokea wanaume kwa malipo. Vitabu vya shule hupenda kuliruka hili la mwisho. Mimi naona halifai kurukwa, kwa kuwa shilingi zilizopatikana kwa njia hiyo, ambazo wakubwa walizionea haya, ndizo zilizosimamisha sehemu kubwa ya mji ambao wakubwa hawakutaka kuulipia.

Mwanamke aliyekatazwa na mila za kwao kurithi shamba sasa alikuwa na nyumba yenye mlango na ufunguo. Hakuwa na haja ya kurudi mashambani, wala wengi hawakurudi. Wasiokuwa na watoto walilea watoto wa ndugu au wa majirani, wakawatangaza kuwa warithi wao mbele ya mashahidi. Nyumba ya udongo iliyokusudiwa kudumu miaka michache ikapakwa upya, ikaezekwa upya, ikapita kutoka mkono hadi mkono. Na ile ada ya kiwanja, iliyobuniwa ili kuingiza fedha katika sanduku la Manispaa, ilikuwa na tabia yake: kila ilipolipwa, karani alitoa stakabadhi. Stakabadhi zikawekwa kisandukuni pamoja na vito vya harusi. Baada ya miaka ishirini mwenye nyumba hakuwa na hati ya ardhi, ni kweli, lakini alikuwa na rundo la karatasi za Manispaa yenyewe zikishuhudia kwamba miaka ishirini ilimjua, ilimwandika jina, na ilipokea fedha zake. Mchimba kisima alikuwa amekwisha kuingia mwenyewe, na kamba alikuwa ameishika mwingine.

Kisa cha Pangani chaonyesha jambo hili waziwazi. Pumwani ilipofunguliwa, serikali ilitaka vijiji vya zamani vivunjwe vyote, na vingine vilivunjwa upesi katika miaka ya mwanzo ya 1920. Pangani ilibaki. Ilibaki kwa sababu nyepesi kabisa: maelfu ya watu waliolala humo wangelala wapi? Viwanja vya Pumwani havikutosha, na Baraza halikutaka kujenga. Kila mara amri ya kuivunja ilipozungumzwa, swali hilo lilirudi, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Kijiji kilichohukumiwa kufa kikaishi zaidi ya miaka kumi na mitano baada ya hukumu. Hatimaye, mnamo 1938 na 1939, Pangani ilivunjwa, lakini kwa gharama ambayo hila ya kwanza ilikusudiwa kuiepuka. Manispaa ililazimika kujenga mtaa mzima kwa fedha zake, nao ndio Shauri Moyo. Wenye nyumba wa Pangani walipewa nafasi huko kwa maisha yao tu, bila ruhusa ya kurithisha. Inasimuliwa kwamba jina la mtaa huo lilitokana na hali hiyo: waambiwa uhame, ukikubali au ukikataa, shauri la moyo wako. Wakubwa walikuwa wamejifunza kitu. Safari hii walizishika kuta pamoja na ardhi.

Haitupasi, hata hivyo, kuwafanya wenye nyumba wa Majengo kuwa malaika. Chumba cha watu wawili kilitiwa watu sita, na kodi ilipanda kadiri wageni walivyozidi. Kijana aliyelala chini kwa zamu na wenzake hakuona tofauti kubwa kati ya mwenye nyumba wa Majengo na Manispaa iliyomtoza mwenye nyumba huyo. Mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Mombasa mwaka 1939 uliwatia hofu watawala kuhusu malazi ya wafanyakazi katika miji yote, na ripoti iliyotolewa mwaka 1941 juu ya makao ya Waafrika wa Nairobi ilieleza msongamano mkubwa. Baraza likalaumu tamaa ya wenye nyumba. Likasahau kuuliza kwa nini mji wenye maelfu ya vibarua ulikuwa umetegemea vyumba vya akina mama wa Majengo. Ikawabidi wakubwa wafungue mfuko tena, na miaka ya 1940 ikaona mitaa ya Ziwani na Kaloleni ikijengwa. Nyumba zile ambazo mwaka 1921 zilionekana ghali mno zilijengwa baada ya miaka ishirini na ushee, wakati vifaa vilikuwa ghali zaidi na watu wamezidi mara nyingi.

Majengo yenyewe ilibaki mahali pake. Nairobi ilipata hadhi ya jiji mwaka 1950, Majengo ilikuwapo. Operesheni kubwa ya Aprili 1954 iliwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu katika mitaa ya mashariki. Majengo ilitikisika, lakini ikabaki. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, watu walitazamia kwamba idhini ya muda itageuka kuwa hati. Haikugeuka. Serikali mpya ilirithi ramani za ile ya zamani, na pamoja na ramani ikarithi tatizo lake: ardhi ilikuwa ya umma, nyumba zilikuwa za watu, na hapana aliyeweza kuitenga moja na nyingine bila kulipa au kugombana. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 Shirika la Taifa la Nyumba lilisimamisha maghorofa ya mawe katika Pumwani ili yachukue nafasi ya nyumba za udongo. Mwenye nyumba wa zamani aliambiwa aiache nyumba yake ya vyumba sita na apokee makao katika ghorofa, ayalipie kwa awamu. Alipiga hesabu. Nyumba ya vyumba sita ilimpa kodi ya vyumba vitano. Ghorofa lingemdai malipo kila mwezi. Wengi walikataa, kesi na mikutano vikafuatana, na maghorofa yakakaa miaka katika ubishi wa nani aingie na kwa bei gani.

Kwa hiyo mtu aliyepita Majengo mwanzoni mwa karne hii aliweza kuyaona yote mawili kwa mtazamo mmoja: kuta ndefu za mawe, na mbele yake safu za nyumba fupi zenye mabati yaliyoshika kutu, zikifuata mistari ileile ya viwanja iliyochorwa na Manispaa miaka themanini nyuma. Ndani ya baadhi ya nyumba hizo, wajukuu wa wajenzi wa kwanza walikuwa wakingali wamezihifadhi stakabadhi za ada ya kiwanja.