Msaada wa Lishe kwa Mama na Mtoto: Umetoka Wapi, na Huombwaje

Natumaini vikundi vyote, kutoka Akheri na Poli mpaka Ng'arenanyuki, pamoja nanyi wa mjini Arusha, mmekwisha kukaa, na mwandishi wa kikundi ana kalamu mkononi. Somo la leo ni la historia, ila historia yenyewe inagusa sufuria ya kila mama.

Akina mama wengi huuliza fomu ya kuombea msaada wa kulisha watoto huchukuliwa ofisi gani. Kabla ya kujibu, yafaa turudi nyuma kidogo.

Wazee wa Mlima Meru walikuwa na chakula. Migomba ilistawi, ng'ombe walikuwapo, na loshoro ilipikwa kwa mahindi, ndizi na maziwa ya mgando. Angalieni vizuri chakula hicho: ndizi hushibisha, lakini maziwa ndiyo yanayomjenga mtoto mwili. Basi mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ng'arenanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, na mifugo mingi ikafa. Mwaka 1952 Bwana Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuyapeleka malalamiko mbele ya Umoja wa Mataifa. Husimuliwa kuwa ni habari ya ardhi, na ndivyo; lakini mimi naona ni habari ya maziwa vilevile. Aliyenyang'anywa malisho amenyang'anywa na kikombe cha mtoto wake.

Mtoto asiyepata chakula cha kujenga mwili huvimba miguu, na nywele zake hugeuka rangi. Ugonjwa huo ni unyafuzi. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Ghana, aliuandikia mwaka 1935 kwa jina la kienyeji la huko, kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto mkubwa anapozaliwa mdogo wake. Huku kwetu wengi walisema mtoto amebemendwa. Ni neno baya sana hilo, kwa kuwa lilimtia mama haya, akamficha mtoto ndani badala ya kumpeleka hospitali.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai, watu wakikusanyika katika vikundi kama hivi vyenu. Kliniki za mama na mtoto nazo zikaenea, na kadi ya kupimia uzito ikaingia nyumbani.

Lakini hatua kubwa ilianzia Iringa mwaka 1983. Katika vijiji 168 watoto walipimwa uzito kila miezi mitatu, na hesabu ikaletwa mbele ya kijiji chenyewe. Wanakijiji waliiona hesabu hiyo kwa macho yao, wakaulizana: kwa nini wa kwetu wamekonda, na tufanye nini? Hapo ndipo habari ya mtoto mwenye njaa ilipotoka chumbani kwa mama ikafika barazani.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza mwaka 2000. Mwaka 2010 ulijaribu kulipa fedha taslimu kwa kaya maskini za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na mwaka 2012 mpango ukaanza kutandazwa nchini. Mwanzoni malipo ya msingi yalikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, na mtoto aliongeza 4,000. Si fedha nyingi. Sharti lake lilikuwa kliniki: mama mjamzito ahudhurie, na mtoto wa chini ya miaka miwili apelekwe kila mwezi, asipopelekwa, malipo yalikatwa.

Sasa lile swali la fomu. Katika mpango huo mama hakujaza fomu ya maombi. Majina yalitajwa katika mkutano wa kijiji au wa mtaa. Kisha maofisa walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za kaya, na orodha ikarudishwa mkutanoni isomwe. Kwa hiyo mama aliyeona haya kuitwa maskini mbele ya majirani, akabaki shambani siku hiyo, jina lake liliweza kuachwa ingawa watoto wake walikonda kuliko wa wengine. Jambo hili lanisumbua. Haya ile ya kubemendwa imerudi kwa mlango mwingine.

Mkutano wa namna hiyo ukiitishwa, nendeni, na anayemjua jirani aliyebaki nyumbani amtaje. Orodha ikisomwa bila jina linalostahili, semeni papo hapo, au mwoneni mtendaji wa kijiji. Kadi ya kliniki mwiweke pakavu.

Swali la kikundi: Je, katika kijiji chenu ni nani asiyefika mikutanoni, na ni kwa sababu gani? Mwandishi aandike majibu. Kwaherini.