Nani Anagawa Oda? Uongozi wa Kujitolea katika Sanaa, Kutoka Tabaka Hadi Mombasa

Oda ya vinyago vya mawe inapofika Tabaka kutoka ng'ambo, bei huwa imekwisha kujadiliwa na mnunuzi. Kinachobaki ni kuigawa: nani achonge viboko na vifaru, nani apewe mabakuli, nani aambiwe angoje awamu ijayo. Kazi hiyo ya kugawa haina mshahara, na wanaoifanya mara nyingi ni wachongaji wenyewe, watu wenye watoto wa kulipiwa karo kama wale wanaowanyima. Ndiyo maana nimeona nianze na oda, si na katiba ya kikundi. Katiba husomwa siku ya usajili; oda huamua nani ataendelea kumsalimu nani sokoni.

Tabaka iko Mugirango Kusini, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii. Jiwe lake laini, jeupe, la waridi au la kijivu, lilichongwa mabakuli na bao za kuchezea muda mrefu kabla mtalii wa kwanza hajauliza bei. Huko ndiko alikotoka mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani amesimama makao makuu ya UNESCO huko Paris, na ambaye mwaka 2014 alichonga mbele ya umati wa Washington katika tamasha la utamaduni lililoialika Kenya. Msanii wa namna hiyo huuza kwa jina lake. Wachongaji wengi hawana jina linalofika mbali kiasi hicho, kwa hiyo huuza kupitia kikundi. Smolart, kilichoanzishwa mwaka 1990, ni miongoni mwa vikundi vya Tabaka vilivyoingia katika biashara ya haki, ile inayomtaka mnunuzi wa nje amjali mtengenezaji na si kikapu chake tu.

Sheria ya Kenya ina milango kadhaa kwa watu wa namna hii. Wanaweza kuwa ushirika, chini ya sheria ya 1997 inayotaka kamati ya watu 5 hadi 9. Wanaweza kuwa kikundi cha jamii chini ya sheria ya 2022. Au wanaweza kuwa shirika la manufaa ya umma, chini ya sheria iliyopitishwa 2013 na kukaa kabatini hadi Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Mlango wowote watakaopitia, watatokea upande wa pili wakiwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Lakini hakuna anayeanza kujifunza uongozi siku anapojaza fomu. Kila anayekaa kwenye kamati huja na mazoea ya mahali pengine, na mazoea hayo hayapatani.

Ya kwanza na ya kale zaidi ni ya shambani. Mwanaanthropolojia Philip Mayer, aliyeandika juu ya Abagusii, watu wa Kisii na Nyamira, katika miaka ya 1940 na 1950, alieleza aina mbili za kufanya kazi pamoja. Risaga ilikuwa ya majirani wa eneo moja: mwenye kazi huita, watu hufika na majembe, na jioni mwenyeji huwapa pombe. Egesangio ilikuwa ndogo zaidi, watu wachache wanaolimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, mpaka duara lifungike. Hapakuwa na mweka hazina kwa sababu hapakuwa na hazina. Hapakuwa na kumbukumbu za kikao kwa sababu shamba lililolimwa linaonekana na ambalo halijalimwa linaonekana pia. Asiyefika hujulikana kabla jua halijapanda, na siku ya shamba lake majembe huwa machache.

Sijaona uwajibikaji mkali kuliko huo katika ripoti yoyote ya mkaguzi wa hesabu. Sharti lake la uongozi lilikuwa moja tu: uje na jembe. Na bado mazoea hayo yakipelekwa kwenye oda hukwama. Zamu ni haki pale ambapo mikono yote ina uwezo unaokaribiana. Shamba la jirani likilimwa vibaya kidogo, mahindi yataota tu, na hasara ni ya jirani peke yake. Tuseme mnunuzi amepokea vikombe mia tatu na arobaini kati yake vina nyufa: hatamtafuta aliyevichonga, ataacha kuagiza kwa kikundi kizima. Kamati inayogawa kwa zamu hulinda udugu na kuhatarisha soko; inayogawa kwa ubora hulinda soko, kisha huulizwa kwa nini ubora daima hupatikana katika boma la mwenyekiti.

Kanisani mambo huenda vingine. Waadventista Wasabato wana mizizi mirefu Kisii na Nyamira, na sidhani kuna taasisi iliyofundisha watu wengi zaidi wa huko namna ya kuendesha kikao. Utaratibu wao wa kuchagua viongozi unastahili kuangaliwa na kila mtu wa sanaa. Washiriki huchagua kamati ya uteuzi. Kamati hiyo hujitenga, hupanga majina ya wazee wa kanisa, mashemasi, karani, mweka hazina, viongozi wa muziki. Kisha orodha nzima husomwa mbele ya kanisa na kupigiwa kura. Kipindi ni mwaka mmoja, au miwili. Kuomba cheo ni aibu. Na mwenye pingamizi dhidi ya jina fulani halisemi hadharani, huomba kuonana na kamati na kulisema humo.

Hilo la mwisho linawafaa Abagusii kuliko linavyoweza kumfaa mgeni. Chinsoni, heshima inayotawala uhusiano wa mzazi na mwana, wa mkwe na mkwe, humweka mtu mbali na lolote la kumvunjia mkubwa wake uso. Katibu kijana aliyesoma uhasibu anaweza kuona wazi kwamba risiti za nauli hazilingani na safari. Kama aliyesafiri ni baba mkwe wake, ajenda ya hesabu itapita kwa kupigiwa makofi. Wageni wa mashirika huita ukimya huo udhaifu wa kamati. Mimi nauona kuwa ni kukosa chumba cha pembeni.

Nyamira haina jiwe la Tabaka, ina chai. Viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo, Tombe na Gianchore ni vya wakulima wadogo, chini ya usimamizi wa KTDA, wakala wa chai, na wakulima huchagua wakurugenzi wao kwa kampeni ambazo nyakati nyingine hazitofautiani na za udiwani. Mkurugenzi wa kiwanda cha chai hulipwa posho za vikao, na watu wanajua. Sasa mchukue mwalimu mstaafu anayesimamia kikundi cha ngoma au cha wapiga obokano, zeze la Abagusii, asiyepata hata nauli, umpe cheo hicho hicho cha mkurugenzi kwa sababu mfadhili amependa neno hilo kwenye fomu. Jirani hamwamini anaposema hapati kitu. Ameona wakurugenzi wengine. Nadhani nusu ya ugomvi wa vikundi vya sanaa Nyamira usingekuwepo kama viongozi wake wangeitwa jina lisilo na harufu ya bonasi.

Tushuke pwani, ambako mambo yamegeuzwa juu chini. Mjini Mombasa, tangu mwisho wa karne ya 19, vyama vya ngoma za beni na lelemama vilikuwa na vyeo vingi kuliko jeshi: wafalme na majenerali kwa wanaume, na ngazi zao wenyewe kwa wanawake. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika historia ya beni mwaka 1975. Margaret Strobel akafuata mwaka 1979 na kitabu juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, humo akieleza lelemama kwa undani. Jambo linalonivutia ni kwamba cheo kiligharimu. Mwanamke aliyetaka kupanda ngazi alitoa fedha na kuandaa karamu, na hadhi yake ilipimwa kwa alichotoa. Chama kilishindana na chama kingine, kama Kingi na Skochi katika beni, au Ibinaal Watan na Banu Saada katika lelemama, hadi watu wakaingia madeni kwa ajili ya sare na sinia za pilau. Lakini vyama hivyo vilijua pia kumhudumia mwanachama aliyefiwa. Na wanawake waliozoea kuongozana katika lelemama walikuwa tayari, ilipofika miaka ya 1950, kuendesha vyama vya elimu na utamaduni bila kufundishwa na mtu maana ya mwenyekiti.

Kisii kiongozi wa risaga alileta jasho. Mombasa alileta mali. Bodi tuliyorithi kutoka Uingereza na Marekani haikumwomba lolote kati ya hayo. Ilimwomba hukumu yake na sahihi yake. Adabu za kikao tunazozitumia, hoja kupendekezwa na fulani na kuungwa mkono na fulani, zina asili yake katika bunge la Uingereza, na Mmarekani Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi, alizipanga katika kitabu mwaka 1876. Inasemekana kilichomsukuma ni mkutano wa kanisa aliotakiwa kuuongoza huko New Bedford mwaka 1863, ukamshinda. (Angekuwa na kamati ya uteuzi, pengine angelala mapema.) Katika mfumo huo mjumbe wa bodi anatakiwa awe mbali na faida: asigawe kazi anayoweza kuipata yeye. Ni sharti zuri mjini, ambako wakili na mhasibu wanaweza kukaa kwenye bodi ya jumba la maonyesho bila kujua kuchora. Ukilipeleka Tabaka jinsi lilivyo, utapata bodi ya watu wasio na uhitaji wa oda, ambao pia hawajui jiwe lipi litapasuka.

Na bodi iliyo mbali na kazi ina hatari nyingine, ya kusimama kwa mguu mmoja wa mfadhili. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi pale Forodhani, Zanzibar, kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kufundisha mamia ya wapigaji wa ganuni, fidla na udi, kilijikuta mwaka 2019 kikiomba msaada hadharani ili kisifungwe, wafadhili wake wakubwa walipokuwa wamemaliza zamu yao. Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ni hadithi ya upande mwingine kabisa: wanakijiji waliojenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao na kuigiza tamthilia ya Ngaahika Ndeenda mwaka 1977. Kamati yao ilikuwa na jembe la kila namna. Lakini kibali cha maonyesho kilikuwa mkononi mwa mkuu wa wilaya, naye alikifuta Novemba mwaka huo. Mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Uongozi bora haumkingi mtu dhidi ya serikali, na sitaki mtu asome makala haya akadhani nasema hivyo.

Ninachosema ni kidogo zaidi. Tabaka inahitaji mtu anayelijua jiwe lakini asiye na jiwe lake kwenye mzani, na mtu huyo yupo. Baada ya mwanamume kuchonga, kinyago hupelekwa kwa wanawake wanaokiosha na kukisugua kwa msasa ndani ya maji, daraja baada ya daraja, hadi kiwe tayari kupakwa nta. Ufa mwembamba ambao patasi imeuficha huonekana kwenye karai. Msuguaji hupitiwa na kazi za wachongaji wengi na anajua, pasipo kuambiwa, ni nani aliyechonga kwa haraka ili awahi malipo. Mara nyingi hulipwa kwa kipande, na mara nyingi si yeye aliye kwenye daftari la wanachama bali ni mume wake. Kwa hesabu za risaga, amekuja na jembe. Kwa hesabu za bodi ya kizungu, yuko mbali na mgao. Ajabu ni kwamba anakosa kiti katika mifumo yote miwili.

Pingamizi nalijua: baadhi ya vinyago anavyosugua ni vya baba mkwe wake, na chinsoni haitaachwa mlangoni ati kwa kuwa ndani kuna kikao. Mume naye atauliza, siku oda ikienda kwa jirani, mke wake alikuwa upande gani. Hapo ndipo ningeazima chumba cha pembeni cha kanisa. Sampuli ziwekwe mezani kwa namba, bila majina. Omong'ina, yaani mama mzee, mwenye miaka mingi kwenye karai aingie na wenzake wawili, wazipange daraja, watoke, na karani aandike namba peke yake. Zamu ibaki kwa kazi zilizovuka kiwango, ili udugu usife. Zisizovuka zirudishwe kwa mwenyewe kwa siri, pamoja na maelezo ya ufa ulipo. Wanunuzi wa biashara ya haki wamezoea kuuliza vikundi ni wanawake wangapi wako kwenye kamati, na vikundi vimezoea kujibu kwa idadi. Waulize pia wanawake hao wanaamua nini.