Figa Moja Haliinjiki Chungu: Mafunzo ya Historia ya Chuo cha Kivukoni

Ndugu, fedha za chuo si suala la mhasibu peke yake. Ni suala la siasa. Chuo kinachotegemea mfuko mmoja hufuata mwendo wa mfuko huo: ukijaa kinastawi, ukikauka kinanyauka, na mwenye mfuko akibadili nia chuo nacho hubadili kazi. Wazee wetu walilisema jambo hili jikoni: figa moja haliinjiki chungu. Katika makala hii tutaitazama historia ya Chuo cha Kivukoni, kilichojengwa Kigamboni, eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke, ili tujue makada wa leo tuna wajibu gani kwa vyuo vya wananchi.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu, na shule za sekondari zilikuwa chache mno. Tena tangu 1953 serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na siasa, hivyo wengi wa wale wachache waliosoma wakazuiwa kuutumikia umma waziwazi. TANU ilibaki na wakulima, wafanyakazi, wachuuzi na makarani wenye moyo mkubwa na elimu ndogo. Je, mkoloni angewajengea watu hao chuo cha uongozi? Hasha! Ilibidi wajijengee wenyewe.

Ndipo Chama kikaanzisha Mfuko wa Elimu. Joan Wicken, mwanamke Mwingereza aliyesoma Chuo cha Ruskin cha Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi, alisaidia kutafuta michango kwa marafiki wa Uingereza, kisha mwaka 1960 akaja Tanganyika kuifanya kazi hiyo. Tarehe 29 Julai, 1961, zaidi kidogo ya miezi minne kabla ya Uhuru, Kivukoni ikafunguliwa ng'ambo ya bandari. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1961, Chuo Kikuu nacho kilianza na wanafunzi 13 wa sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Tuelewe maana yake: chama cha watu ambao wengi wao hawakupata kukaa darasa la sekondari ndicho kilichotoa nyumba ya kuanzishia Chuo Kikuu.

Kivukoni ya mwanzo, basi, ilikaa juu ya mafiga matatu. La kwanza ni wananchi na Chama chao. La pili ni vyama vya ushirika na vya wafanyakazi, ambavyo watu wao walikuja kusoma, na kwa hiyo viliona chuo ni chao. La tatu ni marafiki wa nje. Kuwapo kwa mafiga mawili ya kwanza ndiko kulikomfanya rafiki awe rafiki, asiwe bwana.

Mwaka 1971 Kivukoni ikafanywa chuo cha itikadi cha TANU, na baada ya 1977 ikawa ya CCM. Hatuna budi kusifu kazi iliyofanyika: makada wa nchi nzima walifundwa pale. Lakini tujikosoe pia. Chuo kilichokuwa na wenyewe wengi kilibaki na mwenyewe mmoja, naye katika miaka ile ya chama kimoja alikuwa akiegemea hazina ya Serikali. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, figa hilo likaondoka. Kivukoni ikaacha kuwa chuo cha Chama, ikawa Chuo cha Sayansi za Jamii, na Sheria ya mwaka 2005 ikakifanya Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Chuo kiliokoka, na hilo ni jema. Ila kazi yake ya awali ililazimika kutafuta makao mengine. Leo ada ni sehemu ya mapato yake, na ada, tukisema kweli, humchuja mtoto wa mkulima.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa mfano na msaada wa Sweden, vilionja machungu hayohayo. Msaada ule ulipokoma katika miaka ya 1990, vingi vilidhoofika: karakana zikakosa zana, mabweni yakachakaa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Iko njia nyingine. Pale Chang'ombe, Temeke, chuo cha ufundi cha VETA kinasimama juu ya msingi wa Sheria ya mwaka 1994, iliyowataka waajiri kuchangia mafunzo ya ufundi kwa tozo. Huo si uombaji. Ni haki iliyodaiwa ikaandikwa katika sheria: anayefaidi jasho la fundi achangie kumfunza fundi.

Mafunzo ni matatu. Kwanza, michango ya wananchi, hata ikiwa midogo, itangulie, maana ndiyo inayotia umilikaji. Pili, ushirikiano uwe na wengi, kwa mapatano yanayotaja nani atalipa mishahara na nani atatengeneza paa baada ya sherehe za ufunguzi. Hata Shule ya Uongozi ya Kibaha, iliyofunguliwa mwaka 2022 kwa ushirikiano wa vyama sita vya ukombozi na msaada wa China, haiwezi kulikwepa swali hilo. Tatu, utetezi ni kazi ya kada. Halmashauri za Kinondoni na Temeke hupitisha bajeti kila mwaka. Kada anayepigia makofi hotuba juu ya elimu, kisha asiulize katika kikao chuo cha wananchi kimetengewa shilingi ngapi, bado hajaanza kazi yake.