Umoja wa Kikristo Kathiani

Kathiani ni mji na eneo bunge katika Kaunti ya Machakos, Kenya, ng'ambo ya vilima vya Iveti ukitokea mji wa Machakos. Ndani yake imo Mitaboni, makao makuu ya African Brotherhood Church (ABC), na kwa sababu hiyo eneo hili linastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa katika historia ya umoja wa Kikristo Afrika Mashariki.

Ukristo uliingia Ukambani, nchi ya Wakamba ambamo Kathiani imo, ukiwa tayari umegawanyika. Walutheri wa Leipzig walikaa upande wa Kitui, Africa Inland Mission ikaanzia Nzaui mwaka 1895, Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu wakajenga Kabaa, na baadaye likaja Jeshi la Wokovu. Wamisionari wa Kiprotestanti wenyewe waliiona hasara ya mgawanyiko huo. Juni 1913 walikutana Thogoto, Kikuyu, kupanga shirikisho la misheni zao, wakamaliza kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Wapresbiteri. Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliposikia habari hiyo aliwashtaki maaskofu wenzake wa Uganda na Mombasa kwa uzushi. Shirikisho halikusimama. Ulibaki ushirikiano mwepesi zaidi wa mwaka 1918, uliozaa Shule ya Upili ya Alliance mwaka 1926. Katika mijadala hiyo yote wageni ndio waliokuwa wakiamua. Waumini Waafrika hawakuulizwa.

Jibu la Wakamba lilikuja tarehe 8 Aprili 1945, ABC ilipoanzishwa chini ya Mchungaji Simeon Mulandi. Miaka 7 kabla yake Muindi Mbingu alikuwa amewaongoza Wakamba hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao, na ari ya kujisimamia ilikuwa bado moto. Waliojiunga na kanisa jipya walitoka katika misheni tofauti, kila mmoja na mazoea yake ya ibada, wakakubaliana kuitana ndugu. Wapo waliokuona kuanzishwa kwa ABC kuwa mfarakano mwingine tu. Hukumu hiyo si ya haki: kanisa lililojitenga ili lipate kujitawala halikujifungia. Chini ya Askofu Nathan Ngala, aliyeliongoza kwa miongo mingi, lilishirikiana na Wabaptisti wa Kanada, likaingia katika Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK).

Umoja wa vijijini hauhitaji baraza. Wakamba wana mwethya, kikundi cha majirani, wengi wao wanawake, wanaolimiana mashamba kwa zamu. Kwenye miteremko ya Machakos hupima mstari, huchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, kazi inayoitwa fanya juu, kisha hupanda nyasi kwenye tuta ili mvua isilibomoe. Mwenye shamba akiwa Mkatoliki, aliyeshika jembe pembeni yake huenda ni wa AIC, kanisa lililotokana na Africa Inland Mission, au wa ABC, na hakuna anayeulizwa anasali wapi. Jumapili kila mmoja hurudi kwenye kanisa lake, wala hakuna anayedaiwa aliache ili astahili kusaidiwa. Heshima ya namna hii ndiyo iliyokosekana katika ugomvi wa mwaka 1913.

Askofu Mkuu Timothy Ndambuki wa ABC alikuja kuwa mwenyekiti wa NCCK. Kanisa lililohesabiwa kuwa la waasi likawa limetoa kiongozi wa baraza linaloyakutanisha makanisa yaliyotokana na misheni zilezile.